Hodi Kabla ya Mizani



Mwenye kwenda nyumba ya mtu hubisha hodi. Akiitikiwa huingia, asipoitikiwa hurejea, na hata awe amebeba zawadi ya dhahabu hana ruhusa ya kuusukuma mlango. Adabu hii hatukufunzwa skulini. Tulifunzwa na mama zetu kabla hatujajua kuhesabu. Lakini ajabu ya dunia ni kwamba jambo hili alijualo mtoto wa miaka mitano, makampuni yenye mamilioni na serikali zenye mawaziri na washauri hulisahau mara tu watiapo mguu katika nchi ya watu kwa ajili ya biashara. Huja na mizani mkononi, hupima, hukata bei, hutia saini, kisha ndipo hubisha hodi. Wakikuta wenyeji wamenuna husema: "Watu hawa ni wakaidi, hawataki maendeleo."

Leo twataka kukuchukueni hadi Mtwara, na kutoka hapo mpaka mlango wa Mto Ruvuma, mahali Tanzania inapokwisha na Msumbiji inapoanza. Huenda msomaji akauliza: Sisi wa visiwani tuna nini na Mtwara? Tuna mengi. Majahazi yamekwenda na kurudi baina ya Unguja na Mikindani tangu zama za babu wa babu zetu. David Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866 alitoka Unguja na kushuka Mikindani, kwa sababu njia hiyo ilikuwa njia ya kawaida ya watu wa bahari. Wamakonde wamekuja kwetu vizazi na vizazi kufanya kazi mashambani, na wengi wao wamezaa, wameoa na wamezikwa katika ardhi hii. Tena, na hili ndilo kubwa, mambo yanayotujia sisi leo, yaani gesi, wawekezaji, hifadhi za bahari na bei zinazokatwa mbali na shamba, yaliwafikia wao kwanza. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Basi tuanze na khabari ya karanga, maana ndiyo iliyouzaa mji wa Mtwara tunaoujua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946, Frank Samuel, mkuu mmoja wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba Afrika ya Mashariki ilimwe karanga kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukazunguka kwa muda wa wiki chache tu, ukarudi London na hesabu ya kulima ekari zaidi ya milioni 3. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaikubali, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Vifaru vilivyotoka vitani viligeuzwa matrekta ya kung'oa misitu. Kusini ikaamuliwa ijengwe reli ya kuelekea Nachingwea na bandari ya maji marefu Mtwara.

Ikawaje? Kule Kongwa mvua ikakataa kushuka kwa kalenda ya London, na udongo ukakauka mpaka karanga hazing'oki. Mgogo yeyote mwenye mvi angewaambia kwamba nchi ile ina miaka ya njaa, na kwamba pori likionekana tupu halikosi sababu ya utupu wake. Hakuna aliyemuuliza. Mwezi wa Januari 1951 mradi ukavunjwa, na hasara ikakaribia pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mradi uliokusudiwa kuihudumia kwisha kufa. Mapema miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Bandari nzuri, yenye kina, ikabaki inatazama bahari kama bwana harusi aliyevaa joho lake na harusi isiwepo.

Watu hupenda kuicheka khabari hii kwa kuwa ni ya Mwingereza. Nasi tucheke, lakini tusicheke sana, kwa sababu yaliyofuata hayakufanywa na Mwingereza.

Mti wa korosho, uliotoka Brazil na kuletwa pwani hizi na Wareno, Wamakonde na majirani zao waliupokea na kuufanya mti wao. Waliupanda katika mashamba yao, na aliyepanda mkorosho alikuwa amejiwekea alama ya haki ambayo jirani aliiheshimu na mtoto aliirithi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata takriban tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Kisha ikaja amri ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Katika karatasi ilikuwa amri nzuri: skuli karibu, maji karibu, zahanati karibu. Lakini mikorosho haikuhama. Mkulima akajikuta analala mahali pamoja na miti yake iko mahali pengine, haipaliliwi wala hailindwi. Juu ya hayo ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, na bei isiyomtia mtu moyo. Ilipofika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000.

Aliyetoa amri ile hakuwa mkoloni. Ilikuwa Serikali ya wananchi, yenye nia njema, ikiongozwa na watu wanaosema lugha moja na wale waliohamishwa. Kwa hivyo tujue kwamba ugeni si rangi ya ngozi wala hati ya kusafiria. Mgeni ni yule anayeamua juu ya shamba la mtu bila ya kumuuliza mwenye shamba amelipangaje. Mtu anaweza kuzaliwa Dodoma, au Unguja, na akawa mgeni mkubwa Newala kuliko Mhindi wa Mikindani ambaye babu yake alifungua duka, akajifunza lugha ya wateja wake, akajua nani ni mjomba wa nani, na akawapa watu mali kauli mpaka msimu ufike.

Mali kauli! Neno hili sisi watu wa pwani twalijua vizuri. Ni bidhaa inayotolewa kwa neno la mdomo, na dhamana yake ni jina la mtu na jina la ukoo wake. Katika nchi zetu biashara imesimama juu ya neno hilo kwa karne nyingi, kabla ya benki na kabla ya mahakama. Nani wa kuaminiwa, kwa muda gani, nani atamjibia akishindwa, na wakati gani ni aibu kudai: haya ndiyo utamaduni wa watu katika biashara. Utamaduni si ngoma ya kumpokelea waziri uwanja wa ndege, wala si kinyago cha mpingo cha kuwekwa mezani kwa meneja. Ni sheria zao za kuaminiana. Anayezivunja bila ya kuzijua hushangaa kuona watu hawamwamini, na hali yeye ana muhuri na nembo.

Tazameni khabari ya kangomba. Mkulima wa Tandahimba au Newala huvuna korosho kuanzia Septemba au Oktoba hadi kuingia Januari. Lakini haja zake hazingoji Oktoba. Mwaka unapoanza mtoto anataka sare ya skuli. Katika miezi ya mvua ghala la chakula limepungua. Katikati ya mwaka mikorosho inataka salfa, na usipoipulizia ubwiriunga haukusamehe. Kisha watoto wamekua, kuna jando na unyago, na mzazi asiyemcheza mwanawe huhesabiwa kuwa hakumaliza wajibu wake. Fedha yote hii itoke wapi? Hapo hutokea mtu mwenye vijisenti, humkopesha mkulima au kununua korosho zake kabla ya msimu, kwa kipimo chake na kwa bei ya chini sana. Hiyo ndiyo kangomba. Ni unyonyaji, hatuna haja ya kuupaka sukari. Lakini ni unyonyaji uliokaa mahali palipokuwa patupu, kwani hakuna mwingine aliyekuja mlangoni mwezi wa Februari.

Kuanzia mwaka 2007 Serikali ilileta Mtwara mpango wa stakabadhi ghalani. Mkulima apeleke korosho zake katika chama cha ushirika, zipimwe, ziwekwe ghalani, ziuzwe kwa mnada, naye alipwe. Kwa kanuni ni mpango wa haki kuliko kipimo cha kangomba, na katika msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Lakini mpango ulijua mizani tu. Mwezi wa Februari haukuujua. Mkulima alilipwa baada ya mnada, na kangomba ikaendelea gizani.

Kisha likaja la mwaka 2018. Katika bajeti ya mwaka ule sehemu ya ushuru wa korosho zinazokwenda nje, iliyokuwa ikirudi kulisaidia zao, ilichukuliwa na Hazina, na wabunge wa kusini wakalalamika bila ya kusikilizwa. Msimu ulipofika wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima walizikataa. Mwezi wa Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi watazibeba. Wakulima walishangilia, na nani asiyeshangilia bei kama ile? Lakini baadaye ukaja uhakiki. Kila mwenye korosho aoneshe shamba lake. Asiye na shamba ni mtu wa kangomba, na hana malipo. Malipo yakachelewa, msimu mmoja ukausukuma mwingine, na mkulima aliyekuwa ameahidiwa bei kubwa akarudi kwa yule yule mwenye vijisenti kumwomba fedha ya salfa.

Twauliza: afisa aliyekwenda kuhakiki, alijua kwamba shamba moja laweza kuwa na sauti ya mke, ya mjomba na ya mpwa? Alijua kwamba kwa asili ya Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama, na kwamba jina lililoandikwa katika daftari huenda si jina la mwenye neno la mwisho? Alijua kwamba mtu aweza kuwa amewekewa rehani mikorosho ya jirani, akaitunza na kuivuna kwa haki, bila ya kuwa na shamba? Kama hakuyajua, basi alihakiki karatasi, hakuhakiki korosho.

Ndugu zetu wenye karafuu, hii si khabari ya mbali. Mwaka 1937 Serikali ya Kiingereza ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu haki ya pekee ya kununua karafuu zetu, ikidai kumwokoa mkulima na mkopeshaji. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, India ikazisusia karafuu zetu, na mpaka yalipofikiwa mapatano mwaka 1938 mkulima aliyesemwa kuwa anaokolewa ndiye aliyekuwa ameshika gunia lisilo mnunuzi. Na hata katika zama zetu hizi, kila bei ya Shirika ilipokaa vibaya, mashua za magendo zimejua njia ya Mombasa usiku. Sheria inayomkuta mtu katika shida yake na isimwondolee shida hiyo humfanya mwizi wa mali yake mwenyewe.

Sasa tushuke pwani, tufike mlango wa Ruvuma.

Mwaka 2000 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko, fukwe na ardhi. Ndani yake mna vijiji vyenye watu: Msimbati, Nalingu na vinginevyo. Lengo lilikuwa jema. Matumbawe yalikuwa yakiuawa kwa baruti, na pasipo matumbawe hapana samaki. Lakini kumbukeni jambo moja. Katika miaka ya 1990, kabla hifadhi haijatangazwa, wavuvi wa pwani ya kusini wenyewe walikwisha kukusanyika na kusimama dhidi ya baruti, wakaunda shirikisho lao, wakawataja wapigaji na kudai vyombo vya dola vifanye kazi yake. Hawa walikuwa marafiki wa bahari. Walikuwa wameshabisha hodi wao!

Hifadhi ilipokuja ikaja na orodha ya makatazo: nyavu hizi hapana, mahali hapa hapana, mikoko hii hapana. Mvuvi mwenye chombo kikubwa aweza kwenda maji ya mbali. Lakini mwanamke anayetanda uduvi maji yakitoka, aende wapi? Kijana mwenye mtumbwi na juya la kurithi, avue kwa nini? Baadhi ya vijiji, na Nalingu khasa, vikaipinga hifadhi kwa miaka mingi. Waliokuja kuilinda bahari wakaonekana maadui na wale ambao siku chache nyuma walikuwa wakiilinda kwa mikono yao wenyewe. Hasara hii haimo katika daftari la hesabu la ofisi yoyote, lakini ni hasara kubwa.

Katika pwani hiyo hiyo ndimo ilimo gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Ikakaa ardhini zaidi ya miaka 20 hata kampuni ya Artumas kutoka Kanada ikaja kuitumia kuwasha umeme wa Mtwara na Lindi, na baadaye kazi ikashikwa na Maurel et Prom ya Ufaransa. Watu wa Mtwara wakaona taa, wakasikia ahadi za viwanda, wakaanza kuhesabu. Nao walikuwa na mengi ya kuhesabu. Nchi yao ilikuwa uwanja wa nyuma wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja la Rufiji, msafiri wa kusini alikuwa akingojea pantoni mtoni. Walikuwa wamevumilia zamu yao, na waliamini sasa zamu imefika.

Ndipo wakasikia kwamba gesi itakwenda Dar es Salaam kwa bomba, kwa mkopo kutoka China. Mwezi wa Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi, si Mtwara ilimo gesi, bali Kinyerezi, iendako gesi. Mwezi wa Disemba watu wa Mtwara wakaandamana, na neno lao likawa mawili tu: "Gesi haitoki." Januari 2013 kukawa na ghasia Mtwara na Masasi, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda kuzungumza nao. Mwezi wa Mei, siku bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa Bungeni, ghasia zikarudi kwa nguvu. Jeshi likaingia mitaani. Maisha ya watu yalipotea, nyumba na ofisi zikachomwa moto. Bomba likazinduliwa Oktoba 2015.

Sisi hatumtetei aliyechoma nyumba ya mtu, wala hatumtetei aliyempiga raia. Lakini twasema kwamba Serikali iliposema "rasilimali ya nchi ni ya Taifa zima", ilisema kweli, ila iliisema kwa mpango uliopinduka. Ilitia saini kwanza, ikaweka jiwe, kisha ikaja kueleza. Pinda alikwenda Mtwara Januari 2013. Lau angalikwenda Januari 2012, na maneno yale yale, huenda watu wangalikubali jambo lile lile. Hodi ya baada ya kuingia si hodi, ni kelele.

Na ng'ambo ya mto, katika jimbo la Cabo Delgado, wanako Wamakonde na Wamwani walio ndugu wa damu na hawa wa kwetu, gesi kubwa zaidi ilikutwa baharini. Tangu Oktoba 2017 vita vimewatesa watu wale, na baada ya Palma kushambuliwa mwezi wa Machi 2021 kampuni ya TotalEnergies ilisimamisha kazi zake. Vita vile vina sababu nyingi, nasi hatutathubutu kuvifunga katika sentensi moja. Lakini anayedhani kwamba utajiri unaopita juu ya vichwa vya maskini hauna khatari, na aende akatazame.

Wako watakaotujibu: "Ninyi mnataka kila mradi ungoje wazee wa kijiji wamalize kahawa yao. Dunia ya leo haingoji." Twawajibu kwa hesabu, kwa kuwa wao hupenda hesabu. Pauni milioni 36 za karanga zingenunua kahawa kiasi gani? Msimu mzima wa korosho zilizokawia, na miaka ya ugomvi wa hifadhi, vingelipa vikao vingapi? Kuuliza ni rakhisi. Asiyeuliza ndiye anayelipa.

Wako pia watakaosema: "Mila nyingine ni za unyonyaji, nanyi mwataka tuziabudu." La hasha! Kangomba tumeiita kwa jina lake. Lakini huwezi kuing'oa mila mbaya mpaka ujue inafanya kazi gani. Kangomba ni benki mbaya ya mtu asiye na benki. Mpe mkopo wa haki mwezi wa Februari, na salfa mwezi wa Mei, na kangomba itakufa bila ya askari hata mmoja. Tukiri pia kwamba mambo yametengenea kidogo: tangu msimu wa 2024 minada huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa, na mwanzo wa msimu ule bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Ni kheri. Lakini mnunuzi ambaye sasa hauoni hata uso wa mkulima anahitaji zaidi, si kidogo, mtu wa kumweleza mkulima ni nani.

Basi kumjua mwenyeji ni nini khasa? Twaona ni mambo manne, na twaomba kila mwanachama ayashike.

La kwanza, kujua nani mwenye neno. Si kila aliyekaa meza ya mbele ndiye mwenyeji. Huenda mwenye neno ni mjomba aliyekaa nyuma, au bibi ambaye hakuja mkutanoni kabisa.

La pili, kuijua kalenda ya watu. Yako majira ya kulima, majira ya njaa, majira ya kuvuna na majira ya kucheza watoto. Neno jema lililoletwa katika majira mabaya huwa neno baya.

La tatu, kujua mizani yao na mikopo yao: nani anamwamini nani, kwa dhamana gani, na kwa nini. Hapo ndipo utakapojua unachokuja kukivunja kabla hujakivunja.

La nne, kuzijua ahadi zilizovunjwa kabla yako. Mtwara ilipokataa bomba haikuwa ikijibu bomba peke yake. Ilikuwa ikijibu reli iliyong'olewa, mikorosho iliyoachwa porini na pantoni ya Rufiji. Kila mgeni mpya hulipa na deni la mgeni aliyemtangulia.

Sasa tuwageukie nafsi zetu. Mwaka 2016 Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi, na mwaka 2018 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah juu ya kitalu cha Pemba na Zanzibar. Ikiwa kesho meli ya kuchimba itatia nanga mbele ya Pemba, nani atakwenda kuzungumza na wavuvi wa Wesha na Mkoani, na lini? Kabla ya saini ya mwisho, au baada ya jiwe la msingi? Katika fukwe za mashariki ya Unguja, pale hoteli na wanawake wa mwani wanapogombania mchanga mmoja, nani aliyekaa nao na kuuliza pwani ile hutumiwa na nani, maji yakiwa yametoka na maji yakiwa yamejaa?

Nasi wenyewe tunaojiita wapinzani, tusijitakase. Ni rahisi kulaumu waliomo madarakani. Lakini wangapi katika viongozi wetu hufika vijijini wakati wa kura tu, na hotuba iliyokwisha kuandikwa? Huko nako ni kuja na mizani bila ya hodi. Chama kinachotaka kukabidhiwa nchi kesho, na kijifunze leo kuketi juu ya mkeka, kusikiliza mpaka mwisho, na kukubali kuambiwa hapana.

Na kijana wetu anayekwenda Mtwara kutafuta riziki, kununua korosho au kuuza vitambaa, twamwusia hivi: Usishuke na bei mdomoni. Salimia, na salamu za kusini ni ndefu, zisikuchoshe. Taja umetoka wapi na ni mtoto wa nani. Ukitaniwa, tania, kwani utani kule ni mlango wa udugu. Ukiambiwa "njoo kesho", njoo kesho. Ukipewa mali kauli, rudi siku uliyoahidi, hata kama hukupata faida. Ukifanya hivyo miaka miwili, hutahitaji mwanasheria.

Tumalizie pale tulipoanzia. Bandari ya Mtwara bado ipo, na maji yake bado ni marefu. Aliyeijenga alipima kina cha bahari kwa usahihi kabisa, fathamu kwa fathamu. Kina cha watu hakukipima, na hapo ndipo ulipozama mradi wake. Sisi wa visiwani, ambao tumezaliwa katika bahari, tusingojee kuzama ndipo tujue kuna kina.

Matawi yote yaombwa yaisome karatasi hii katika mkutano wa wiki, na yajibu kwa maandishi swali moja: Katika shehia yenu, jambo gani linakaribia kuletwa na mgeni, na nani amekwisha kuulizwa? Majibu yaletwe kwa mhariri. Ukiisha kusoma, usiikunje ukaitia mfukoni. Mpe na jirani.